Aliyefundisha Watu Kulalamika Naye Akalalamikiwa

ZUHURA: Hodi wenyewe! Tumeshaingia. Mimi ni Zuhura, na hapa pembeni yupo kaka Mbwana, ambaye leo amekuja na daftari limeandikwa mpaka kwenye jalada.

MBWANA: Karatasi ziliisha, da Zuhura. Karibuni nyote.

ZUHURA: Tuliahidi kuzungumzia runinga za mikoa za Uingereza za enzi zile, na namna zilivyoshughulikia mambo mawili: haki za mlaji, na ulemavu. Sasa mimi tangu juzi najiuliza, haya mawili yamekutana wapi? Mtu aliyeuziwa pasi mbovu na mtu anayetumia kiti mwendo wanawekwaje fungu moja?

MBWANA: Chumba cha habari kiliwaona wote wawili kuwa ni watu wenye shida, basi. Huyu pasi haiwaki na mwenye duka anamzungusha. Yule hawezi kuingia posta kwa sababu ya ngazi. Mwandishi anabeba kamera, anasimama mbele ya duka au mbele ya ngazi, anauliza wahusika wanasemaje. Jioni watu wanakula huku wanatazama.

ZUHURA: Na mhusika hayupo ofisini, katoka kidogo.

MBWANA: Katoka kidogo! Hilo halina nchi. Ila ngoja niweke msingi, maana bila huo msingi hatufiki. Runinga ya biashara Uingereza, ITV, ilianza London tarehe 22 Septemba 1955. Lakini haikuwa kampuni moja. Yalikuwa makampuni mengi, kila moja na eneo lake. Granada upande wa kaskazini. ATV kule Midlands, yaani katikati ya England, kwenye jiji la Birmingham. Tyne Tees, Anglia na Ulster zikaanza mwaka 1959. Thames na Yorkshire zikaja 1968. Na kila kampuni kwenye eneo lake haikuwa na mshindani wa kuuza matangazo ya biashara ya runinga. Roy Thomson, aliyekuwa na kituo cha Scotland, ndiye aliyesema leseni ile ni sawa na kibali cha kuchapa noti.

ZUHURA: Angalau alikuwa mkweli.

MBWANA: Mkweli kuliko wenzake. Sasa kwa kuwa leseni ilikuwa tamu hivyo, mamlaka ya usimamizi ilidai fidia: utatangaza vipindi vya eneo lako, kuhusu watu wa eneo lako. Ukipuuza, leseni ikiisha muda utajuta. Hapo ndipo vipindi kama ATV Today vilipopata nafasi. Mtu wa Coventry au Stoke alijiona, aliona soko lake na mtaa wake.

ZUHURA: Lakini kaka, hapo pana mtego. Kampuni inalishwa na matangazo ya sabuni na majarini. Halafu inatengeneza kipindi cha kumtetea mnunuzi wa sabuni na majarini. Unamng'ataje anayekulisha?

MBWANA: Umeniwahi. Nina kisa cha majarini humu.

ZUHURA: Usinitanie.

MBWANA: Kweli tupu. Mwaka 1962 ATV ilianzisha kipindi kinaitwa On the Braden Beat. Kiliongozwa na Bernard Braden, mzaliwa wa Kanada. Kilikuwa cha Jumamosi usiku, kinachanganya vichekesho na malalamiko ya wateja. Yaani unacheka, halafu katikati ya kicheko unasikia bidhaa fulani haifai. Kilikwenda hadi 1967. Kisha Braden akahamia BBC, shirika la umma, lisilotangaza biashara. Huko akaendelea na kazi ile ile kwenye kipindi kipya. Unajua kilichomtoa BBC mwaka 1972?

ZUHURA: Majarini.

MBWANA: Alionekana ITV kwenye tangazo la majarini! BBC wakasema mtetezi wa mlaji hawezi kuwa mpiga debe wa bidhaa. Mwaka uliofuata nafasi ikachukuliwa na kipindi kipya, That's Life!, kikiongozwa na Esther Rantzen, ambaye alikuwa amefanya kazi chini ya Braden. Kikaendelea hadi 1994.

ZUHURA: Kwa hiyo alipokuwa kwenye kituo kinacholishwa na matangazo alikosoa bidhaa kwa miaka mitano akawa salama. Kaenda kwenye kituo kisicho na matangazo, tangazo likamponza.

MBWANA: Ndivyo. Na mimi siwalaumu BBC, ila nacheka.

ZUHURA: Cheka tu. Turudi mikoani. Hizo kamera za jioni zilikuwa zinaonyesha nini hasa?

MBWANA: Masoko. Mimi nimefanya kazi ya kuhariri picha, kwa hiyo macho yangu huenda huko kwanza. Mwaka 1971, tarehe 15 Februari, Uingereza iliacha hesabu ya zamani ambayo pauni moja ilikuwa na peni 240, ikaingia kwenye peni 100. Hebu fikiria mama amesimama mbele ya meza ya kabichi, mkononi ana sarafu za aina mbili, na mwandishi amemsogezea maikrofoni: umeelewa? Kila mkoa ulikuwa na mama wake huyo.

ZUHURA: Na bila shaka hakuelewa.

MBWANA: Alielewa zaidi ya mwandishi. Lakini angalia hapa, maana ndipo mada zetu mbili zinapogusana. Kabla ya hapo, Oktoba 1969, ilitoka sarafu ya peni 50 yenye pembe saba, badala ya noti ya shilingi 10. Watu waliilalamikia sana, wakasema inafanana na nyingine, utampa mtu ukidhani ni ndogo. Kanali mmoja mstaafu hata akaanzisha kundi la kupinga pembe saba.

ZUHURA: Kanali mstaafu hakosi kazi.

MBWANA: Ndiyo, lakini zile pembe ziliwekwa makusudi ili mtu aitambue sarafu kwa kuiona na kwa kuipapasa. Kwa mtu asiyeona, malalamiko yale yalikuwa kichekesho. Ninyi mnaoona mnasema zinafanana, mimi kwa vidole naijua ipi ni ipi.

ZUHURA: Bibi yangu mzaa mama alikuwa haoni. Sarafu alikuwa anaipitisha kwenye ukucha wa kidole gumba, anazungusha mara moja, anakwambia ni ngapi. Ukimdanganya chenji anakuachia tu, halafu kesho yake anakutuma dukani bila hela.

MBWANA: Ndiye angefaa kuhojiwa sokoni.

ZUHURA: Wangemhoji mjukuu aliyemshika mkono.

MBWANA: Ee! Umesema jambo ambalo lilikuwa ugonjwa wa utangazaji mzima, si runinga tu. BBC ilikuwa na kipindi cha redio kuhusu ulemavu, kilianza 1977, jina lake tafsiri yake ni kama "Anaweka sukari?" Yaani lile swali anaulizwa anayesukuma kiti, wakati mwenye chai kakaa hapo hapo na masikio yake mawili.

ZUHURA: Halafu chai yenyewe inakuja na vijiko vitatu.

MBWANA: Na kwenye habari za mikoa, sura ya mtu mwenye ulemavu mara nyingi ilikuwa ni ya kupokea. Kuna hundi kubwa ya karatasi, kuna meya na mkufu wake, kuna gari jipya la kubebea watoto. Anasema asante. Kamera inaondoka. Mtu wa pasi mbovu alikuwa analalamika, amekunja uso, anadai haki yake. Mtu mwenye ulemavu anatakiwa atabasamu.

ZUHURA: Hapo ndipo tofauti ilipo, sivyo? Wote wana shida lakini mmoja ni mteja na mwingine ni maskini wa kusaidiwa.

MBWANA: Hapo hapo. Na kumbe alikuwa mteja kabisa! Chukua kile kigari cha matairi matatu. Serikali ilikuwa inawapa watu wenye ulemavu kigari kidogo, rangi ya samawati iliyopauka, bodi ya faiba. Ukifungua mlango unakuta kiti kimoja. Kimoja tu. Hakuna usukani wa mviringo, kuna mpini kama wa pikipiki. Mke, mtoto, rafiki, hakuna pa kukaa.

ZUHURA: Mume yuko kwenye kigari, mke anapanda basi, wanakutana huko huko.

MBWANA: Na upepo mkali ukivuma barabara kuu unaomba dua. Watumiaji wake walilalamika miaka nenda rudi kuhusu usalama wake. Sasa ingekuwa ni gari la kununua dukani, mwandishi wa habari za walaji angelikalia kooni. Lakini lilitolewa bure. Cha bure hakina risiti, na asiye na risiti dawati la walaji halimjui.

ZUHURA: Aisee.

MBWANA: Mwaka 1977 ulianza mpango wa Motability, mtu anatumia posho yake kukodi gari la kawaida. Vile vigari vya samawati vilikuja kuondolewa kabisa barabarani mwezi Machi 2003.

ZUHURA: 2003! Mimi nilidhani utasema sabini na ngapi.

MBWANA: 2003.

ZUHURA: Haya, nipeleke Birmingham. Kabla hatujawasha vyombo ulikuwa unanung'unika kuhusu tamthilia.

MBWANA: Crossroads. Hii sasa nikae vizuri. ATV walikuwa na tamthilia iliyoanza Novemba 1964, mambo ya hoteli ya barabarani, karibu na Birmingham. Mwenye hoteli ni mjane, Meg Richardson, ameigizwa na Noele Gordon. Wakosoaji waliichekea vibaya sana. Walisema mlango ukifungwa ukuta unatikisika.

ZUHURA: Na ulikuwa unatikisika?

MBWANA: Ulikuwa unatikisika. Lakini mamilioni waliitazama. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 waandishi wakampa mtoto wa Meg, Sandy, ajali ya gari. Akapooza miguu, akawa anatumia kiti mwendo. Na hawakumwondoa! Kwa kawaida ya hadithi mtu akipooza ama anapona kimiujiza ama anakufa. Sandy alibaki, anafanya kazi hotelini, anagombana na watu, anaonekana jioni hadi jioni. Kwa tamthilia ya Uingereza, mhusika wa kudumu kwenye kiti mwendo lilikuwa jambo geni.

ZUHURA: Aliyemwigiza alikuwa na ulemavu?

MBWANA: Aliigizwa na Roger Tonge, ambaye alikuwa anaicheza nafasi hiyo tangu zamani, Sandy akiwa bado anatembea. Lakini kisa chenyewe kiko nje ya kioo. Mtazamaji mmoja, mwanamume aliyekuwa amepooza na anaishi na mama yake, aliwaambia watu wa Crossroads kwamba mambo wanayoonyesha ni nusu. Sandy asubuhi anatokea amevaa, amechana nywele, yuko kwenye kiti. Nani kamtoa kitandani?

ZUHURA: Ee.

MBWANA: Nani kamwogesha? Nani kaamka saa nane usiku kumgeuza upande wa pili, asipate vidonda? Saa kumi tena? Ni mama yake. Na mama huyo ana umri wake, ana mgongo wake. Akiumwa yeye je? Hayo kwenye tamthilia hayapo. Meg anashuka ngazi na hereni zake, anasimamia hoteli.

ZUHURA: Huyo bwana alilalamikia tamthilia kama mtu anavyolalamikia pasi.

MBWANA: Umenitoa ulimi. Kwamba bidhaa hii mmeniuzia ina kasoro, ina upungufu, na upungufu wenyewe ni mama yangu. Ingekuwa ni kituo kingine wangemjibu kwa barua ya shukrani na picha ya Noele Gordon yenye sahihi.

ZUHURA: Ambayo angeitundika ukutani.

MBWANA: Angeitundika. Lakini ATV walitoa pauni 10,000, na mwaka 1974, mji wa Rugby, ukaanza mpango wa majaribio. Ulichukua jina la tamthilia: Crossroads. Mpango ulikuwa mwepesi kueleza. Mhudumu anakuja nyumbani, anafanya kazi zile zile ambazo mama au mke anazifanya, kwa saa zile zile ambazo zinahitajika. Saa hizo za kitandani, za asubuhi sana, za usiku. Si saa za ofisi. Mama alale.

ZUHURA: "Mama alale." Basi hilo tu lingetosha kuwa jina la mpango.

MBWANA: Na ukaenea miji mingine. Sasa angalia: vipindi vya habari vya mikoa, na kamera zao na maikrofoni zao, sidhani kuna taarifa moja ya jioni iliyozaa kitu cha ukubwa huo kwa walezi. Ukuta unaotikisika ndio uliozaa.

ZUHURA: Hapo nakupinga kidogo, kaka. Haukuzaa ukuta. Alizaa yule bwana aliyelalamika. Na alijua pa kulalamikia kwa sababu kituo kilikuwa karibu. Birmingham na Rugby ni majirani. Ingekuwa ni kituo kimoja kikubwa cha London, hoja yake ingeishia kwenye gunia la barua.

MBWANA: Nakubali. Na hiyo ndiyo faida ya mkoa ambayo haiko kwenye leseni yoyote: mtu wa kituo unaweza kukutana naye.

ZUHURA: Vipande vya Sandy vinapatikana mtu akitaka kuona?

MBWANA: Hapo kuna uchungu. Sehemu kubwa ya Crossroads ya miaka hiyo haipo tena. Ilirekodiwa kwenye kanda za video, na kanda zilikuwa ghali, kwa hiyo zilifutwa zikarekodiwa vitu vingine. Habari nazo zilipigwa kwenye filamu ya milimita 16. Filamu ukishaipiga huwezi kuifuta ukairudia, ndiyo maana imesalia. Hifadhi ya picha ya Midlands iliyoko Chuo Kikuu cha Lincoln ina filamu nyingi za ATV Today. Kwa hiyo mama wa kabichi yupo, Sandy kwa sehemu kubwa hayupo.

ZUHURA: Kilichodharauliwa kikafutwa.

MBWANA: Kilichokuwa kwenye kanda kikafutwa. Mimi ni mtu wa ufundi, nasema kanda. Sasa, kabla ya Rugby, mwaka 1972, kulikuwa na suala ambalo mlaji na ulemavu havitenganishiki hata ukitumia kisu. Thalidomide.

ZUHURA: Ile dawa.

MBWANA: Dawa ya usingizi na kichefuchefu. Uingereza iliuzwa tangu 1958, na kampuni ya Distillers, ambao biashara yao kubwa ilikuwa wiski na jini. Wajawazito wakainywa, watoto wakazaliwa na mikono na miguu mifupi, au bila. Ikaondolewa sokoni mwishoni mwa 1961. Kisha kimya. Wazazi wakawa mahakamani miaka kumi, na kwa kuwa kesi ilikuwa bado, vyombo vya habari viliogopa kushtakiwa kwa kuidharau mahakama.

ZUHURA: Watoto wanakua, kesi haikui.

MBWANA: Septemba 1972 gazeti la Sunday Times likalipuka, likaiandika habari hiyo waziwazi. Hilo watu wanalikumbuka. Lisilokumbukwa ni kwamba tarehe 8 Oktoba mwaka huo huo, London Weekend Television, kituo ambacho eneo lake lilikuwa London na siku zake ni za mwisho wa juma tu, kilirusha kipindi na kuwaonyesha watoto wenyewe. Mwanasheria Mkuu akakipeleka mahakamani. Mahakama ikakataa kukitia hatiani. Gazeti ndilo lililobanwa, hadi likafika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu na kushinda mwaka 1979.

ZUHURA: Na fidia?

MBWANA: Mwaka 1973, kama pauni milioni 20. Na shinikizo lilitoka wapi? Wenye hisa wa kampuni wenyewe, na watu waliotishia kuacha kununua wiski. Mlaji! Mzazi mahakamani alishindwa kwa miaka kumi, mnywaji wa wiski akasikika ndani ya miezi.

ZUHURA: Hiyo inanikera, nikwambie ukweli. Kwamba mtoto asiye na mikono hakutosha, ilibidi chupa iguswe.

MBWANA: Inakera. Ila ndivyo ilivyokuwa.

ZUHURA: Sasa mpaka hapa wanaosema ni wengine. Mwandishi, mzazi, mtunzi wa tamthilia. Wenyewe walishika maikrofoni lini?

MBWANA: 1975. Na ni ATV tena, Birmingham ile ile. Kipindi kinaitwa Link. Mtangazaji wake Rosalie Wilkins, mwanamke anayetumia kiti mwendo. Hakikuwa kwenye saa za kilele. Lakini anayeuliza ni mwenye kiti, na anayejibu ni ofisa aliyesimama. Wilkins alikifanyia kazi hadi 1988, ATV ikiwa imeshageuka Central. Mwaka 1999 akaingia Bunge la Mabwana, baraza la juu la Bunge la Uingereza.

ZUHURA: Kilikuwa kinauliza nini ambacho wengine hawakuuliza?

MBWANA: Kilikuja wakati mawazo yanageuka. Bunge lilikuwa limepitisha sheria mwaka 1970, ya Alf Morris, mbunge wa Manchester. Sheria hiyo, sikia hii, iliitaka halmashauri kumsaidia mtu mwenye ulemavu kupata redio na runinga nyumbani pale anapohitaji. Runinga imo ndani ya sheria! Kuhusu majengo, ikasema yafikike "kadiri inavyowezekana na inavyofaa".

ZUHURA: Ahaa. Hapo kwenye "kadiri" ndipo ngazi zote za posta zilipojificha.

MBWANA: Zote. Kwa hiyo walikuwepo watu kama Vic Finkelstein, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefungwa huko kwa kupinga ubaguzi wa rangi, naye mtumiaji wa kiti mwendo, waliokuwa wanasema tatizo si miguu yangu, ni ngazi yenu. Alikuwa na mfano wake mmoja, wa miaka hiyo hiyo. Kijiji ambacho wakazi wote wanatumia viti mwendo na wanajiendeshea mambo yao. Wakijenga, hawaoni sababu ya kupoteza vifaa, wanashusha milango iwe futi 5, dari nazo chini. Kisha wanahamia wachache wanaotembea kwa miguu.

ZUHURA: Wanagonga vichwa!

MBWANA: Kutwa. Paji la uso limevimba. Madaktari wa kijiji wanawachunguza, wanaandika ripoti kuhusu ulemavu huu wa kusimama. Wanatengenezewa helmeti maalumu, bure. Wengine wanashauriwa watembee wameinama. Kazi hawapati. Na kwenye maduka na baa wanaweka helmeti zimepinduliwa, watu watupie chenji za kuwachangia.

ZUHURA: Helmeti imepinduliwa! Siwezi, siwezi.

MBWANA: Mpaka siku wale wanaogonga vichwa wanakaa pamoja na mmoja anauliza, hivi hii milango si ingeinuliwa tu?

ZUHURA: Halafu wanaambiwa haiwezekani "kadiri inavyofaa". Basi kaka, hiyo helmeti ya chenji inanikumbusha Telethon. Hii ni sehemu yangu, nimeisoma.

MBWANA: Uwanja wako.

ZUHURA: Thames walijaribu mwaka 1980, London peke yake: kipindi kirefu cha kuchangisha pesa za hisani. Mwaka 1988 ITV nzima ikaingia, mikoa yote. Saa 27 mfululizo! Kila mkoa na meza zake za simu, tarakimu zinapanda kwenye ubao, wasanii wanaimba, na katikati zinawekwa picha fupi za watoto na watu wenye ulemavu, muziki wa huzuni chini. Wakarudia 1990, wakarudia 1992.

MBWANA: Na pesa zilipatikana, tuseme haki.

ZUHURA: Zilipatikana mamilioni, sibishi. Lakini 1990, nje ya studio za London Weekend, kando ya mto Thames, walikusanyika watu wenye ulemavu kupinga. Mwaka 1992 wakarudi zaidi ya elfu moja. Waandaaji walikuwa Barbara Lisicki na Alan Holdsworth, wote wana ulemavu. Fulana nyeusi, maandishi ya waridi, na maandishi yenyewe, wazazi wazibeni watoto masikio, yanasema huruma ikojolewe.

MBWANA: Duh.

ZUHURA: Sasa fikiria wale wasanii wanashuka kwenye magari, wamevaa, wamejipulizia manukato, wamekuja kuwasaidia walemavu. Mlangoni wanapokelewa na walemavu elfu wanawazomea. Mimi ningerudi nyumbani.

MBWANA: Kuna walioingia kwa mlango wa nyuma bila shaka.

ZUHURA: Na hoja yao ilikuwa ile ile ya yule bwana wa Rugby. Bidhaa yenu ina kasoro. Mnanionyesha mimi kuwa ni wa kuhurumiwa ili mpate pesa, na mwajiri akishanitazama hivyo usiku kucha, Jumatatu hanipi kazi. Runinga ndiyo iliyowafundisha watu kusimama mbele ya duka na kudai. Wamekwenda kusimama mbele ya duka lenyewe.

MBWANA: Na Telethon haikurudi baada ya 1992.

ZUHURA: Haikurudi. Mwaka unaofuata, tarehe 1 Januari 1993, leseni mpya zikaanza baada ya mnada, Thames yenyewe ikawa imepoteza eneo lake. Na 1995 ikaja sheria ya kuzuia ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu. Unajua sehemu ya tatu ya sheria hiyo ilihusu nini? Bidhaa, vifaa na huduma. Mwenye duka, mwenye hoteli, mwenye sinema, asimnyime huduma mteja kwa sababu ya ulemavu wake.

MBWANA: Mteja.

ZUHURA: Mteja. Imechukua muda wote huo tangu Braden.

MBWANA: Nimalizie Rugby, maana sikumaliza. Tamthilia ya Crossroads ilikatwa Aprili 1988. Hoteli ikafungwa, ukuta ukabomolewa. Miaka ya 2000 walijaribu kuifufua, haikukaa. Lakini wale wahudumu wa nyumbani waliendelea na jina la hoteli hiyo, miji na miji. Mwaka 2012 shirika lao likaungana na lingine la walezi, likawa Carers Trust. Jina la Crossroads ndipo likaanza kupotea.

ZUHURA: Kwa hiyo kuna mtu alikuwa anapokea simu, anasema "hapa ni Crossroads," na kijana wa upande wa pili hajui kama ilikuwa hoteli ya kwenye runinga.

MBWANA: Anataka kujua tu mhudumu anakuja saa ngapi.

ZUHURA: Saa kumi na moja alfajiri, mwambie. Haya kaka, funga hilo daftari. Wasikilizaji, tuko hapa tena Alhamisi, na mkiona tumewauzia kipindi kibovu mnajua pa kulalamika.